Nyota kibete nyekundu na sayari yake: Proxima Centauri

Nyota kibete nyekundu ni nyota ndogo yenye joto la chini kuliko Jua, inayochoma hidrojeni yake polepole hivi kwamba umri wake unaweza kupita miaka trilioni moja. Nyota za aina hii ndizo nyingi kuliko zote katika galaksi yetu, lakini kwa ufifi wake haziwezi kuonekana kwa macho matupu.

Iliyo karibu nasi zaidi ni Proxima Centauri, iliyogunduliwa na Robert Innes huko Johannesburg mwaka 1915. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.24 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na masi yake, yaani kiasi cha maada iliyomo, ni takriban asilimia 12 tu ya masi ya Jua. Imefungamana kwa mvutano na Alpha Centauri, ile nyota angavu ambayo watu wa Afrika Mashariki huiona upande wa kusini jioni za Mei na Juni.

Mwezi Agosti 2016, kundi la wanaastronomia lililoongozwa na Guillem Anglada-Escudé lilitangaza kwamba Proxima ina sayari, iliyopewa jina Proxima b. Hakuna aliyeiona. Kilichopimwa, hasa kwa HARPS, chombo cha kuchambua nuru ya nyota kilichopo La Silla nchini Chile, ni mwendo wa nyota yenyewe: sayari inapoizunguka huivuta kidogo, na nuru ya nyota huelekea kwenye buluu inapotukaribia na kwenye wekundu inapotuacha. Mwendo huo ni kama kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, nao hujirudia kila baada ya siku 11.2. Njia hii hutoa masi ya chini kabisa inayowezekana, ambayo kwa Proxima b inakaribia ile ya Dunia; haisemi lolote kuhusu kipenyo.

Sayari hiyo iko kilomita milioni 7 hivi kutoka kwa nyota yake, na kwa kuwa nyota ni hafifu, umbali huo unaangukia katika ukanda ambamo maji yanaweza kuwa kimiminika. Magazeti hupenda kuligeuza jambo hilo kuwa habari ya "Dunia ya pili", jambo ambalo ni kukimbilia mbali mno, kwani ukanda huo hukadiriwa kwa kiasi cha nuru inayopokelewa, na maji hayawezi kudumu juu ya ardhi pasipo angahewa. Proxima, kama vibete wengi wekundu, hulipuka mara kwa mara: tarehe 1 Mei 2019 mng'ao wake wa urujuanimno (nuru isiyoonekana kwa macho) uliongezeka mara 14,000 kwa sekunde chache, na milipuko ya namna hiyo inaweza kuipokonya sayari iliyo karibu hivyo angahewa yake.