Majani ya miti ya tropiki: tunavyodhani na kemia inavyoonyesha

"Chemsha majani, dawa yote itatoka." Haitoki yote. Maji huvuta tanini (vitu vyenye ukakasi), sukari, na flavonoidi (kampaundi za mimea, nyingi zikiwa na rangi) zilizoshikana na sukari. Asidi ya ursoliki iliyomo kwenye majani ya mpera karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, kwa hiyo hubaki kwenye makapi yanayotupwa. Ndiyo sababu maabara hutumia viyeyushi kwa zamu: heksani kuondoa nta na mafuta, kisha ethili asetati, mwisho methanoli.

"Kilichotoka kwenye chupa ndicho kilichokuwa kwenye jani." Si lazima. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, ikikutana na asidi hupoteza magnesiamu yake, na ukijani wake hufifia ukaelekea kahawia. Methanoli ya moto yenye asidi huweza kuunda esta (kampaundi za asidi iliyoungana na alkoholi) ambazo mti haukuwahi kuzitengeneza. Anayetangaza kampaundi mpya bila kulichunguza hili huenda anausifia mti kwa kazi ya chupa yake.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba kuibadilisha molekuli ya asili ni kuighushi. Chukua hiyo hiyo asidi ya ursoliki, uiache na anhidraidi ya asetiki, kemikali inayotoa asetili, ndani ya kiyeyushi cha piridini. Kundi la haidroksili (oksijeni na haidrojeni) kwenye kaboni ya 3 hupachikwa asetili, kipande kidogo chenye kaboni mbili. Uzito wa molekuli hupanda kutoka 456 hadi 498, na kwenye NMR, kipimo kinachotumia sumaku kuonyesha mahali pa atomi katika molekuli, alama ya haidrojeni ya kaboni hiyo husogea kutoka karibu 3.2 hadi karibu 4.5 ppm. Sasa zijaribu zote mbili kwa vijidudu vile vile: hapo utajua kama ile haidroksili ilikuwa na kazi yoyote. Bila kubadilisha, tunabaki kukisia.

Na wakati mwingine faida ni kubwa. Asidi ya betuliniki, iliyopatikana kwenye majani ya Syzygium claviflorum, mti wa ukoo mmoja na mzambarau na mkarafuu, huzuia VVU kwa udhaifu. Wakemia waliongeza mkia mdogo kwenye kaboni ile ile ya 3, wakapata bevirimati, yenye nguvu mara elfu kadhaa zaidi katika majaribio ya maabara. Hata hivyo haikuwa dawa, kwa sababu baadhi ya aina za virusi hazikuisikia. Kuua virusi kwenye sahani ya maabara ni hatua ya mwanzo tu.

"Cha asili hakidhuru"? Kokeini na oleandrini, sumu ya mti wa oleanda, hutoka kwenye majani zikiwa kamili, bila mkono wa mkemia.

Halafu kuna wanaoamini kwamba ukishajua jina la mti umemaliza. Mwaka 1987 majani na vijiti vya Calophyllum lanigerum vilikusanywa Sarawak, Malaysia, na ndani yake ikapatikana kalanolidi A, inayozuia VVU. Watafiti waliporudi, mti ule ulikuwa umetoweka, na miti mingine ya spishi hiyo ilitoa kalanolidi A kidogo mno. Kazi iliendelea kwa kuiunda molekuli hiyo maabara, na kwa utomvu wa mti wa ukoo wa karibu, Calophyllum teysmannii, wenye molekuli inayofanana nayo, kalanolidi B, ambao hugemwa bila mti kukatwa.