Uchaguzi wa Bunge Estonia: Yanayosemwa na Yalivyo Kweli

Mjadala wa kura ya mtandaoni haupiti bila Estonia kutolewa mfano, na mara nyingi mfano wenyewe hutolewa vibaya. Nchi hiyo ya watu wapatao milioni 1.3 ina bunge la viti 101, Riigikogu, linalochaguliwa kila baada ya miaka minne.

Wengi huamini kwamba karatasi ilishaachwa kabisa. Sivyo. Kura ya mtandaoni ilitumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa bunge mwaka 2007, na ilichukua hadi 2023 kuvuka nusu ya kura zote, tena kwa kiasi kidogo tu. Vituo na masanduku ya kura vipo hadi leo.

Dhana nzito zaidi ni kwamba anayepigia kura nyumbani akilazimishwa na mume, mzazi au mwajiri, basi yamekwisha. Hofu hiyo ina msingi, na sheria imeijibu. Katika siku za kura ya mapema mtu anaweza kupiga kura tena na tena mtandaoni, na inayohesabiwa ni ya mwisho. Akienda kituoni kupiga ya karatasi, ile ya mtandaoni inafutwa. Tangu 2021 anaweza kufanya hivyo hata siku yenyewe ya uchaguzi. Aliyemsimamia hawezi kujua ni kura ipi iliyobaki. Siri nayo inalindwa: kura husimbwa, yaani hufichwa kwa msimbo, kisha husainiwa kidijitali kwa kitambulisho cha taifa, na saini huondolewa kabla kura haijafunguliwa.

Je, mfumo hauna dosari? Hilo nalo si kweli. Mwaka 2017 udhaifu uligunduliwa katika chipu za vitambulisho vipatavyo 750,000. Serikali iliutangaza hadharani, na kwa maoni yangu uwazi ule ulilinda imani ya wananchi kuliko ambavyo ukimya ungeweza.

Usiku wa Machi 5, 2023, chama cha EKRE, cha kihafidhina cha mrengo wa kulia, kiliongoza katika kura za karatasi. Zilipoingia za mtandaoni, chama cha Reform cha Kaja Kallas, Waziri Mkuu wa wakati huo, kikapaa na kumaliza na viti 37 dhidi ya 17 vya EKRE. Wapo walioona wizi. Lakini EKRE ilikuwa imeipinga kura ya mtandaoni kwa miaka, kwa hiyo wafuasi wake wengi walikwenda vituoni. Mahakama ya Juu ilikataa ombi lake la kubatilisha kura hizo.

Na anayeongoza kwa viti si lazima aunde serikali. Mwaka 2019 Reform ilipata viti 34, ikawa ya kwanza. Jüri Ratas wa chama cha Centre, mwenye viti 26, akaungana na vyama vya EKRE (19) na Isamaa (12), wakafika 57, naye akabaki Waziri Mkuu. Kallas alisubiri kuwa Waziri Mkuu hadi Januari 2021, serikali ya Ratas ilipoanguka.