Visasili vya Kigiriki Vilichekesha Tangu Mwanzo

Wiki hii mzazi wa tatu ameniwekea kitabu mezani, uso umekunjamana. "Dada, huu ni mzaha mtupu. Mpe mwanangu hadithi zenyewe." Kitabu ni visasili vya Kigiriki vilivyosimuliwa upya kwa ucheshi, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12. Nimetunza rafu ya watoto maktabani miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha.

Dhana: Ucheshi wameutia waandishi wa leo. Hadithi asilia zilikuwa nzito na za heshima.

Ukweli: anayesema hivyo hajazisoma hizo asilia. Chukua utenzi wa kale wa kumsifu Hermes. Huo ni wimbo wa kumtukuza mungu, wala si gazeti la vichekesho. Hermes anazaliwa alfajiri, adhuhuri anapiga kinubi alichokiunda kwa gamba la kobe, jioni anaiba ng'ombe 50 wa kaka yake Apollo. Anawaswaga kinyumenyume ili nyayo zidanganye, naye miguuni amejifunga viatu vya matawi. Kisha anarudi kwenye susu, anajikunyata ndani ya nguo za kichanga. Apollo anapokuja kufoka, mtoto anajitetea: mimi nimezaliwa jana, nyayo zangu laini, ninachojua ni usingizi, maziwa ya mama na maji ya moto ya kuogea. Apollo anamnyanyua, kichanga kinaachia ushuzi, halafu kinapiga chafya. Kesi inafika kwa baba yao, Zeus, naye anaangua kicheko.

Hayo yote yamo ndani ya utenzi wenyewe. Mwandishi wa leo anayemchekesha mtoto kwa ushuzi wa Hermes hajaongeza kitu, amekuwa mwaminifu kuliko yule aliyeufuta kwa kuona aibu.

Bado huamini? Mwaka 405 KK, mjini Athens, Aristophanes alionyesha tamthilia yake ya *Vyura* katika sikukuu ya mungu Dionysus. Anayechekwa humo ni Dionysus mwenyewe: anashuka kuzimu amevaa ngozi ya simba juu ya kanzu ya rangi ya zafarani, akijifanya Heracles, shujaa mwenye nguvu aliyevaa ngozi ya simba, na hofu inamshika mpaka anajichafua. Wakati fulani anamwomba msaada kuhani wake, aliyeketi pale pale mbele ya watazamaji. Waathens hawakumpiga mawe mtunzi. Walimpa tuzo ya kwanza.

Na hilo neno "asilia" lenyewe linanikera. Watu hudai toleo asilia, kisha wananitajia kisigino cha Achilles, yule shujaa wa vita vya Troy, ambacho peke yake kiliweza kujeruhiwa. Katika *Iliad*, utenzi wa Homer juu ya vita hivyo, kisigino hicho hakimo kabisa! Kisa cha mama yake kumchovya katika Styx, mto wa kuzimu, tunakipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK. Wagiriki walisimulia na kusimulia upya, kila mtunzi na mkono wake, kama bibi zetu na visa vya Sungura.

Dhana: Pandora, mwanamke aliyeachia mabaya yote duniani, alifungua sanduku.

Mtungi. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, alisema *pithos*, lile pipa kubwa la udongo la kuwekea nafaka au mafuta. Sanduku lilitokana na tafsiri ya Kilatini ya mwanazuoni Erasmus, karne ya 16.

Dhana: Mtoto ataanza kuamini miungu ya kipagani.

Waliotuhifadhia Homer kwa kumnakili karne baada ya karne walikuwa Wakristo wa Byzantium, dola ya Kirumi ya mashariki. Eustathius, askofu mkuu wa Thessalonica katika karne ya 12, aliandika maelezo marefu mno juu ya *Iliad* na *Odyssey*, na Ukristo wake ukabaki pale pale. Keti na mwanao, msome kwa sauti, maswali yakija yajibu. Anza na Hermes.

Dhana: Basi kila toleo la kuchekesha linafaa.

Hapa nipo upande wa wazazi. Kuna vitabu vinavyogeuza kutekwa kwa Persephone, binti wa mungu wa kike Demeter, kuwa kichekesho cha wachumba, na hivyo siviweki rafuni. Katika utenzi wa Demeter binti anapiga mayowe, na mama anazunguka siku 9 na mienge mikononi, bila kula wala kuoga. Msimulizi anayejua kazi yake haugusi uchungu huo. Anasubiri mpaka Demeter afike ugenini, akatae kiti kizuri, akae kimya ameinamisha kichwa. Hapo ndipo mtumishi Iambe anapoanza utani wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mama yule anatabasamu, kisha anacheka. Divai anaikataa, lakini anaomba achanganyiwe maji na unga wa shayiri na mnanaa, na anakunywa.