Jiko la mkaa chumbani: maswali ninayoulizwa kila baridi ikianza

Mimi ni mhudumu wa afya hapa Njombe na ikifika Juni mpaka Agosti najua kabisa nitapokea watu alfajiri, wameletwa na bajaji, wamefungwa mablanketi yananuka mkaa, baba mama na watoto pamoja. Kila mwaka maswali ni yale yale kwahiyo nayajibu hapa.

Hiyo sumu ya jiko ni kitu gani?
Inaitwa kaboni monoksaidi. Inatoka kitu kikiungua bila hewa ya kutosha, iwe mkaa, kuni, gesi au jenereta. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200, yaani unahema kama kawaida huku mwili unakosa hewa.

Lakini mkaa ukishakolea na moshi umeisha, si tunaweza kuingiza ndani?
Hapana. Hili ndo linaloua watu, naomba uelewe vizuri. Moshi unawasha macho, unakohoza, unakufukuza mwenyewe utoke. Ukishaisha umebaki na sumu isiyokufukuza. Mkaa mwekundu usio na moshi unatoa sumu, na uliofunikwa majivu unatoa pia, mpaka uzime kabisa.

Nikiweka sufuria ya maji pembeni?
Hapana. Sumu hii haikimbilii kwenye maji. Utaamka na maji ya vuguvugu, kama utaamka.

Nikiacha dirisha wazi kidogo?
Hapana. Kanafasi ka vidole viwili hakatoshi, na saa saba usiku baridi ikikolea mtu anaamka analifunga.

Basi nalitoa kabla ya kulala.
Kila mtu huwa anapanga hivyo jamani. Sumu yenyewe inaleta usingizi na kulegeza miguu, wengine wanakutwa mlangoni, walijua kabisa wanatakiwa kutoka ila mwili ukagoma.

Mbona bibi aliota moto ndani miaka yote?
Nyumba ya bibi ilikuwa na nafasi pale juu ukuta unapokutana na paa, hewa inapita mchana na usiku, na hata hivyo moshi ulimtesa kifua. Wewe una dirisha la alumini, dari ya jipsamu, na umesokomeza kanga chini ya mlango. Umejifungia kwenye boksi na moto.

Nitajuaje imeshatupata?
Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kuchanganyikiwa. Watu wanakuja wanasema nipime malaria. Angalia hivi: mmeumwa kichwa wote kwa pamoja na mkikaa nje mnapata nafuu? Hiyo sio malaria. Mjamzito asisubiri hata akijisikia vizuri, mtoto tumboni anaumia zaidi yake.

Tumeamka na kichwa, tumemeza panadol, tukapumzike?
HAPANA. Usirudi kulala kwenye chumba kile, usisubiri kupambazuke, usisubiri mume arudi. Toeni watu nje, fungueni milango, njooni kituoni usiku huo huo. Kwenye hewa ya kawaida sumu inachukua kama saa 4 mpaka 6 kupungua nusu tu, ukiwekewa mashine ya oksijeni inakuwa kama saa moja na nusu au chini. Kuna wanaopata nafuu, halafu baada ya siku au wiki kadhaa wanaanza kusahau na kubadilika tabia.

Maziwa je?
Maziwa yanaenda tumboni, sumu iko kwenye damu. Na mtu aliyezimia ukimnywesha yanaingia kwenye mapafu, hapo umemuongezea tatizo la pili. Acheni maziwa.

Halafu mkifika mapokezi tajeni JIKO, tena kwa sauti. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole hakiwezi kutofautisha oksijeni na sumu hii, kinaweza kusoma 98, yaani kawaida, kwa mtu mwenye sumu na mtu anaweza kurudishwa nyumbani. Usione aibu, hakuna atakayekucheka.

Sisi tuna jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje, tuko salama?
Afadhali, ila likaguliwe kabla ya Juni. Juu ya bomba ndege wanajenga viota, ndani masizi yanaganda. Ukiona weusi kwenye maungio, au moshi unarudi ndani ukifungua kimlango cha kuni, hewa haitoki vizuri. Washa moto, chukua kijiti cha udi, kipitishe taratibu kwenye maungio yote na kuzunguka kimlango. Moshi wa udi ukisukumwa kuja kwako panavuja, zima, usiwashe mpaka fundi azibe. Kengele ya kugundua sumu hii ukiipata nunua, weka betri, ila isiwe ruhusa ya kuingiza mkaa chumbani.

Sasa baridi tufanyeje?
Ota moto nje mpaka ushibe ndo uingie. Soksi, kofia, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga uiweke miguuni, watoto walale pamoja.

Jiko likibaki nje litaibiwa.
Hili nalisikia sana na nakubali wezi wapo. Mwaga mkaa nje, umwagie maji mpaka usisikie tena "chiii", jiko lipoe, halafu ingiza jiko tupu.