Majaribio ya Programu Huria Hayajisomi Yenyewe

Kazi yangu ni kusimamia majaribio ya programu za kompyuta, na jioni zangu nyingi nazitumia kuwaongoza wanafunzi na vijana wa Arusha na Moshi wanaotaka kujitolea katika miradi ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Wengi wao huja na ari ya kweli, na baadhi yao leo wanaaminiwa na miradi mikubwa. Hata hivyo, karibu kila kundi jipya huja na swali lilelile, tena likiulizwa kwa namna ya mtu ambaye jibu tayari analo: kama majaribio ni ya kiotomatiki, binadamu amebakiwa na kazi gani? Nimelijibu ana kwa ana mara nyingi mno, na sasa naona afadhali nilijibu kwa maandishi. Nachukulia kwamba msomaji anaifahamu Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, anajua jaribio la kitengo ni nini (jaribio la kipande kimoja kidogo cha programu), na amewahi kuona ukurasa wa matokeo wenye alama za kijani, yaani jaribio limefaulu, na nyekundu, yaani limeshindwa.

Dhana: "Yanajiendesha yenyewe, likishindwa, rudia tu"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu haibaki kuwa fikra tu bali huzaa tabia. Anayeamini kwamba mashine imebeba kazi yote hutazama rangi na hasomi matokeo. Akikuta nyekundu, anabonyeza kitufe cha kurudia. Ikigeuka kuwa kijani, anafunga ukurasa na kuandika kwamba hali ni shwari. Mtu wa namna hiyo, pamoja na nia yake njema, ameuficha ushahidi ambao mradi ulikuwa ukiutafuta.

Otomatiki huondoa jambo moja tu, nalo ni uchovu wa kurudia hatua zilezile kila msimbo unapobadilika. Kuamua ni hatua zipi zijaribiwe, ni jibu gani lihesabiwe kuwa sahihi, na kwa nini jibu limekuja tofauti, bado ni kazi ya mtu. Hapa Moshi mitambo ya kukoboa kahawa huzichambua punje kwa ukubwa, AA kando na AB kando, bila kuchoka na bila upendeleo, lakini hakuna mnunuzi anayekubali mtambo umwambie kikombe kitakuwa na ladha gani. Kwa hilo wapo waonjaji. Anayejitolea katika majaribio anahitajika penye uonjaji.

Mfano ninaoutumia kufundishia ni wa kutungwa, ila kasoro ya aina yake ni ya kawaida sana. Chukua programu ya kuandikisha wagonjwa. Jaribio linaandikisha mgonjwa, kisha linakagua kwamba tarehe iliyohifadhiwa ni ya leo. Aliyeandika programu alichukua tarehe kwa saa za dunia, yaani UTC. Aliyeandika jaribio alichukua tarehe kwa saa ya kompyuta yake. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku tarehe hizo mbili hazilingani. Seva ya mradi, ambayo kwa kawaida imewekwa UTC, haitaona tatizo hata siku moja. Anayejitolea mchana hataliona pia. Atakayeliona ni kijana wa Sakina au Majengo anayefanya kazi usiku wa manane kwa sababu ndipo bando lake lina nafuu, naye, akiwa ameshaaminishwa kwamba nyekundu isiyo na maelezo ni usumbufu wa mtandao, atasubiri asubuhi, atarudia, na jaribio litafaulu.

Kasoro iliyoachwa hapo si ya jaribio peke yake. Programu hiyo ikiwekwa kwenye wodi ya wazazi, mtoto aliyezaliwa saa nane usiku ataandikiwa kuwa amezaliwa jana. Takwimu za afya za nchi hii hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 kutokana na kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa VVU huko Eldoret, inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Programu za aina hii zinahifadhi tarehe, vipimo na dozi za watu halisi, na ndiyo maana siwezi kulichukulia suala la kurudia mpaka kijani kuwa ni jambo la mtindo wa mtu.

Wapo wanaonijibu kwamba majaribio yanayoyumba, yaani yanayofaulu mara hii na kushindwa mara nyingine bila msimbo kubadilika, ni ya kawaida hata kwa makampuni makubwa. Ni kweli. Mwaka 2016 Google ilieleza hadharani kwamba karibu 16% ya majaribio yake yalikuwa na kiasi fulani cha kuyumba, na kwamba pale jaribio lilipohama kutoka kufaulu hadi kushindwa, mara 84 katika kila 100 jaribio linaloyumba lilihusika. Lakini somo la takwimu hizo ni kinyume cha wanalolichukua. Nyekundu za uongo zikiwa nyingi kiasi hicho, nyekundu za kweli zinapata pa kujificha, na hakuna njia ya kuzitenganisha isipokuwa mtu aketi na kuzisoma moja baada ya nyingine. Kuyumba kwenyewe kuna sababu: mpangilio wa majaribio, ukanda wa saa, nyuzi mbili (sehemu za programu zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) zinazogombea data moja, faili iliyoachwa na jaribio lililotangulia, au muda wa kusubiri uliopimwa kwenye mtandao wa kasi.

Kurudia basi si kosa, mradi unarudia ili kukusanya ushahidi. Endesha jaribio hilo peke yake, kisha liendeshe pamoja na mengine kwa mpangilio wa kubahatisha. Badilisha ukanda wa saa, badilisha lugha ya mfumo iwe Kiswahili cha Tanzania, zima mtandao katikati. Andika toleo la msimbo, mfumo endeshi na saa uliyoendesha. Soma kumbukumbu za uendeshaji, yaani maandishi ambayo mashine huacha kila hatua, ukianzia kosa la kwanza, kwa kuwa makosa arobaini yanayofuata mara nyingi ni watoto wa lile la kwanza, na wanafunzi wangu karibu wote huanza kusoma kutoka chini. Ikiwa jaribio lilifaulu mwezi uliopita, tumia git bisect, amri ya Git inayopekua historia ya msimbo kwa kuigawa nusu kwa nusu, kulitafuta badiliko lililoliharibu. Na tafadhali, usilitibu jaribio kwa kuongeza sekunde za kusubiri. Jaribio lisubiri tukio, kwa mfano kitufe kionekane au rekodi ipatikane, kwa sababu sekunde tano zinazotosha kwa mwenye intaneti ya kasi hazitoshi kwa aliyeko Rombo siku ambayo mtandao ni mzito.

Mwenye kutilia shaka kwamba usomaji huu una thamani na aangalie yaliyotokea Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa waendelezaji wa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, aliona kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akakumbuka kuwa wiki kadhaa nyuma, katika majaribio ya kiotomatiki ya PostgreSQL, alikuwa ameona lalamiko geni la Valgrind, chombo kinachokagua jinsi programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta, tena baada ya vifurushi vya mfumo kusasishwa. Alifuatilia mambo hayo mawili, na mwisho wake ukawa mlango wa siri uliopandikizwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Sehemu ya msimbo huo wa hila ilikuwa imefichwa ndani ya faili za majaribio, mahali ambapo kila mmoja hudhani hapana haja ya kukagua. Lalamiko lile lingeweza kupuuzwa kama kelele tu, na mlango ule ungeingia katika matoleo rasmi ya mifumo inayotumiwa na benki, hospitali na serikali duniani kote.

Dhana: "Yote yakiwa kijani, programu haina kasoro"

Mtaalamu Mholanzi Edsger Dijkstra alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba kasoro zipo, hayawezi kamwe kuthibitisha kwamba hazipo. Kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, tangu mwaka 2012 hadi ilipotangazwa Aprili 2014, na muda wote huo matoleo yalitoka kama kawaida. Msimbo uliamini urefu wa data uliotajwa na upande wa pili bila kuupima, na hakuna jaribio lililowahi kutaja urefu wa uongo.

Anayejitolea alichukue hili kama mwaliko. Tafuta ambalo halijaulizwa: jina lenye ng' na nukta yake ya juu, mtu mwenye jina moja tu, bei ya shilingi isiyo na senti, namba ya simu inayoanza na sifuri. Kila unapoandika jaribio jipya, liharibu kwanza lile unalolijaribu kwa makusudi, ulione jaribio lako likishindwa, ndipo urekebishe. Jaribio ambalo halijawahi kushindwa mbele ya macho yako halijakuthibitishia lolote, na mimi silikubali.

Dhana: "Lazima kwanza uwe mwandishi hodari wa programu"

Sivyo. Ripoti nyingi za kasoro hulala kwa miezi kwa sababu hakuna aliyezigeuza kuwa hatua zinazoweza kurudiwa, na kazi hiyo inataka uvumilivu na uandishi safi kuliko inavyotaka ubingwa wa lugha ya programu kama C++. openQA, chombo cha majaribio kinachotumiwa na mifumo ya Linux ya openSUSE na Fedora, huendesha mfumo mzima na kulinganisha picha za skrini na picha za mfano. Mtu mwenye jicho makini anaweza kusema kama tofauti iliyoonekana ni kasoro au ni mwonekano mpya uliokusudiwa. Mhasibu anajua salio sahihi la leja, muuguzi anajua dozi isiyowezekana, na maarifa hayo waandishi wa programu mara nyingi hawanayo. Utajifunza msimbo njiani.

Dhana: "Bila kompyuta ya nguvu na intaneti ya kasi huna cha kutoa"

PostgreSQL ina shamba lake la majaribio, lililoanza mwaka 2004, ambalo mashine zake hutolewa na watu wa kujitolea na kila moja hupewa jina la mnyama. Mradi unahitaji mashine za aina mbalimbali, zikiwemo za zamani na za kichakataji kisicho cha kawaida, kwa kuwa kasoro nyingi hujitokeza pale tu mazingira yanapotofautiana. CPAN Testers, kundi la watu wa kujitolea, nao wamekuwa wakiendesha majaribio ya moduli za lugha ya programu ya Perl kwa mtindo huohuo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Angalizo langu ni moja, nalo nalisisitiza: mashine hiyo isiwe ileile yenye nyaraka zako na nywila zako, kwa maana utakuwa ukiendesha msimbo wa watu wengine saa zote.

Kuhusu bando, kunakili hazina nzima ya msimbo wa mradi mkubwa kunaweza kulimaliza lote. Nakili historia fupi tu kwa kuanzia, ukijua kwamba git bisect haitakufaa mpaka uongeze historia iliyobaki, nayo unaweza kuipakua siku ukiwa kwenye mtandao wa chuo.

Dhana: "Siku hizi akili mnemba itayaandika yote"

Itakuandikia majaribio mengi kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba, ikipewa msimbo peke yake, huelekea kuthibitisha kile ambacho msimbo unafanya, pamoja na kasoro yake. Tarehe ya yule mtoto wa saa nane usiku itaandikwa kama jibu sahihi. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani tangu mwaka 2024 kuhusu ripoti zinazozalishwa na mashine ambazo huwachosha wasimamizi bila kuwa na ukweli ndani yake. Itumie kama unataka, lakini usitume chochote ambacho huwezi kukieleza mstari kwa mstari ukiulizwa.

Dhana: "Nikituma mabadiliko mengi, hata madogo, nitaonekana"

Mwaka 2020, katika Hacktoberfest, tukio la kila mwaka la kuhamasisha watu kuchangia programu huria, watu waliokuwa wakiwania fulana walifurika kwenye miradi na mabadiliko yasiyo na maana, hata waandaaji wakalazimika kuweka sharti kwamba mradi ushiriki kwa hiari yake tu. Wasimamizi wengi ni watu wa kujitolea kama wewe, na kila ombi la mabadiliko linawagharimu muda wa kusoma.

Anayetafuta malipo anayo haki ya kuyatafuta, na zipo njia za wazi. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wachangiaji wapya wa programu huria, upo tangu mwaka 2005, na Outreachy, mpango mwingine wa aina hiyo, hulipa dola 7,000 kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Outreachy humtaka mwombaji awe amechangia mradi katika kipindi cha maombi, kabla ya kuchaguliwa. Kwa hiyo chagua mradi mmoja unaoutumia wewe mwenyewe, fungua orodha yake ya kasoro, tafuta moja ambayo haina jaribio, uliandike, na kwenye maelezo yako uweke saa na ukanda wa saa ulipoliona likishindwa.