Usiku wa michezo kwenye mgahawa: yanayosemwa Tanga na yalivyo

Jumatatu saa 2 usiku, pita Chumbageni uangalie migahawa. Taa zinawaka, feni zinazunguka, mhudumu ameegemea kaunta anachezea simu. Kisha geuza baiskeli uingie Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Barazani watu wamejaa. Hapa bao, pale dhumna, na muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake. Kwa hiyo anayeniambia kwamba watu wa Tanga wanalala mapema, namwomba tu tutembee wote.

Nina mwaka wa nne sasa nasimamia usiku wa michezo kwenye mgahawa mmoja mdogo wa hapa mjini, yaani usiku mmoja kwa wiki ambao wateja wanakuja kula na kucheza bao, karata, dhumna na mengineyo. Kila nikimshauri mwenye mgahawa mwingine naye ajaribu, narudishiwa majibu yaleyale. Mengine yana hoja ndani yake, mengine ni mazoea tu.

"Michezo ni kamari, na sisi ni watu wa dini."

Hofu hii naiheshimu, maana haikutoka hewani. Qur'ani, katika sura ya Al-Maida aya ya 90, imeitaja kamari sambamba na ulevi. Lakini bao la barazani ambalo babu zetu walilicheza bila hata senti mezani halikuwa kamari. Kamari inaingia pale wachezaji wanapoweka mali ili mmoja wao aizoe. Serikali nayo ina jicho lake: kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni. Mgahawa unaochangisha shilingi 2,000 kwa kila mchezaji na kumkabidhi mshindi kapu lote unajitafutia kesi.

Kwetu hakuna kiingilio, hakuna kuwekeana dau, na zawadi inatoka jikoni kwa mwenye mgahawa. Ludo hatuiweki mezani kabisa, kwa sababu wapo wateja wetu wasioikubali dadu hata kama hakuna fedha. Hilo halijatupunguzia kitu. Usiku mmoja vijana wawili walichomeka noti za 5,000 chini ya ubao wa keram. Niliwaendea, nikainua ubao, nikamrudishia kila mmoja noti yake. Walinuna kidogo, kisha wakaagiza mishkaki. Ukilinyamazia jambo hilo mara moja tu, wiki inayofuata akina mama hawaji.

"Watakaa kwa muda wa saa tatu na kikombe kimoja cha chai."

Hili ndilo linalowatisha wengi, na ndilo linalohitaji hesabu. Kiti kinachokaliwa muda mrefu kinakutia hasara pale tu panapokuwa na mtu mwingine amesimama anakingoja. Ijumaa jioni yupo. Jumatatu nani anangoja? Kodi umeshalipa, mpishi yupo kazini, friji inakula umeme uwe na wateja au usiwe nao.

Tuseme Jumatatu ya kawaida unapata watu 6, kila mmoja anatumia 5,000. Hiyo ni 30,000. Usiku wa michezo wakaja 20, kila mmoja akatumia 3,000 tu, umepata 60,000. Ziada ni 30,000. Toa 12,000 za vyakula vilivyoongezeka, toa 5,000 za zawadi, toa 3,000 za bodaboda ya kumrudisha mhudumu nyumbani. Unabaki na 10,000. Fedha hiyo haijengi nyumba, na atakayekuahidi zaidi ya hapo mwezi wa kwanza anakudanganya. Faida kubwa iko kwingine: yule aliyekuja Jumatatu kwa chai na kachori ndiye anayekuja Jumamosi na mkewe na watoto kula biriani, kwa sababu mlango wako ameshauzoea.

Ila hesabu hiyo inasimama kama umeipanga vizuri orodha ya vyakula. Mtu mwenye karata mkononi hali biriani. Mwezi wa kwanza tuliuza chipsi mayai, na tukatupa pakiti tatu za karata, mafuta yamezigandisha mpaka mbili zinachezwa kama moja. Sasa tunatoa vya mkono mmoja: mishkaki kwenye vijiti, kachori, bajia, karanga, kashata na kahawa chungu, na kila meza ina kitambaa kibichi cha kufutia mikono. Mhudumu hapiti katikati ya mchezo. Anasubiri mchezo uishe, wakati kete zinapangwa upya na aliyeshindwa anajitetea. Hapo ndipo watu huagiza.

Wengine huniuliza, kwa nini msitoze kiti? Kule Toronto, Kanada, upo mkahawa wa Snakes & Lattes uliofunguliwa mwaka 2010, na wateja hulipa ili wakae na kuchagua michezo rafuni. Kwao inakwenda. Hapa kwetu ukitoza kiti, mtu anarudi barazani kwake ambako anacheza bure na kahawa inamfuata.

"Zawadi kubwa ndiyo itakayovuta watu."

Tuliwahi kutangaza 50,000 kwa bingwa wa bao. Akaja fundi mmoja wa bao ambaye hatukuwahi kumwona, akawamaliza wote, akachukua fedha akaondoka. Wiki iliyofuata viti vikawa vitupu, hata vya wateja wetu wa kawaida. Nilijilaumu sana. Bao la Kiswahili lina kete 64, na fundi anaweza kumaliza mchezo na mgeni wakati bado wananamua, yaani wanaingiza kete za akiba ubaoni, hata hawajafika kwenye mtaji, sehemu ya pili ya mchezo. Nani arudi kudhalilishwa? Siku hizi tunawapanga wawili wawili, fundi na anayejifunza upande mmoja, wanashauriana. Zawadi ni sahani ya pweza wa nazi kwa meza nzima.

"Ni mambo ya wanaume."

Ukiweka bao na dhumna peke yake, ndiyo, utapata wanaume watupu. Tuliligundua hilo miezi mitatu ya mwanzo. Kilichobadilisha sura ya ukumbi ni chemsha bongo. Huko Uingereza baa zilianza kuitumia sana miaka ya 1970 ili kujaza siku zao zisizo na wateja wengi, na haihitaji bia ili ichangamke. Meza ya watu wanne hadi sita inakuwa timu, simu zinawekwa kwenye kikapu, maswali 20, basi. Familia zilianza kuja. Dada wa ofisini wakaanza kuja na wenzao.

Maswali tunayatunga wenyewe, na ya Tanga ndiyo yanayowasha moto. Coastal Union walichukua ubingwa wa ligi mwaka gani? 1988, na hapo shabiki wa African Sports, timu nyingine ya hapa Tanga, lazima atoe neno. Mkonge uliletwa nchini mwaka gani? 1893, na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche aliyoagiza iliyofika hai ni 62 tu. Swali linalofuata: ujenzi wa reli ya kutoka Tanga ulianza lini? Watu wanakuna vichwa, hawaamini kwamba jibu ni lilelile 1893.

Usiku mmoja niliuliza ni jeshi gani lilishindwa hapa Tanga Novemba 1914, kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Meza karibu zote ziliandika Waingereza. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, na nyuki je?"

"Shikamoo bibi. Nyuki hawakuwa kwenye swali."

"Marahaba. Wangekuwemo. Kwenye mapigano yale nyuki walimng'ata kila mtu, Mjerumani na Mwingereza, hao hawakuwa na upande."

Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Tukampa pointi yake, na tangu hapo yeye ndiye mwamuzi wetu.

Jambo moja la kuangalia: wanawake wengi wanataka kuondoka kabla ya saa 4 na wanataka kujua wataondokaje. Tuna namba za madereva wa bajaji wawili tunaowafahamu. Bila hao, chemsha bongo peke yake isingetosha.

"Siku yoyote inafaa."

Haifai. Jumanne na Jumatano kuna Ligi ya Mabingwa Ulaya, usishindane nayo. Ukianza saa 1 na nusu umewagonganisha watu na Isha. Sisi ni Jumatatu saa 2 na nusu, na Ramadhani tunasogeza hadi baada ya tarawehe.

"Lazima uwe na skrini, spika na mshereheshaji."

Ubao wa keram, seti mbili za dhumna, karata, bao moja la kuazima: vinatosha. Meza za dhumna tandika blanketi kuukuu chini ya kitambaa cha meza, la sivyo ule mlio wa kete utawafukuza waliokuja kula tu. Anayehitajika kweli ni mtu mmoja wa kumpokea anayeingia peke yake na kumtafutia wa kucheza naye.

"Tulijaribu wiki mbili, ikagoma."

Wiki mbili watu hata hawajasikia. Usiku wetu wa kwanza walikuja watano, na wawili kati yao walikuwa kaka zake mhudumu. Wa pili mvua ilinyesha, wakaja watatu. Hatukufunga. Mtu akikukuta umefunga Jumatatu aliyofunga safari kwa ajili yako, hakuulizi, anakwenda zake. Weka daftari: idadi ya watu, mauzo, na ulinganishe na Jumatatu za kabla ya michezo, usilinganishe na Ijumaa. Jipe wiki kumi. Zikipita na tofauti huioni, acha, jaribu kingine.

Kwetu bao lilikuwa la mzee mmoja wa Makorora. Kila Jumatatu alilileta nyuma ya baiskeli, limefungwa kwa kanga, na usiku akaondoka nalo. Wiki ya tisa alitoka bila kulichukua, nikamkimbilia nje.

"Mzee, umesahau bao lako."

"Sijasahau," akasema, huku anapanda baiskeli. "Liweke nyuma ya kaunta. Kanga nitaichukua Jumatatu."