Kisima, shimo la choo na tangi: kwa nini anayeshuka kuokoa ndiye anayefuata kufa

Taarifa za vifo vya shimoni hufanana sana. Fundi kashuka kisimani asubuhi kuangalia pampu, kisha kanyamaza. Mwenzake ameita, hakujibiwa, akashuka kumtazama, naye akanyamaza. Wa tatu, mara nyingi ndugu au jirani aliyesikia kelele, anavua shati na kuteremka bila kuuliza. Zimamoto wakifika wanatoa watu watatu wasio na hata mkwaruzo, na mtaani watu wanaanza kusema kisima kina jini.

Kisima kina hewa mbaya, basi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika sehemu za namna hii ni wale walioingia kuokoa. Ndiyo maana tunatanguliza katazo: mwenzako akianguka shimoni, usishuke. La kufanya badala yake lipo na litaelezwa, ila sababu zitangulie, kwa kuwa katazo tupu halimzuii mtu anayemsikia mdogo wake akikoroma chini.

Hewa tunayovuta juu ya ardhi ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 mahali hapo hapafai kuingia bila kifaa cha kupumulia. Ikifika chini ya 16 akili inaanza kuchanganyikiwa na mikono kukosa shabaha, chini ya 10 mtu anazimia, na chini ya 6 anakufa ndani ya dakika chache. Upungufu wa oksijeni peke yake haumkabi mtu. Kinachotufanya tutwete tunapobanwa pumzi ni hewa ukaa inayojaa mwilini. Pale ambapo bado tunaitoa vizuri, tunaweza kuishiwa oksijeni bila kuhisi dhiki yoyote. Fundi hapati muda wa kusema "nitoeni". Miguu inalegea akiwa bado kwenye ngazi.

Kwenye mashimo ya choo na chemba za majitaka kuna adui wa ziada, haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Pua ya binadamu inaitambua ikiwa kidogo mno, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, kipimo kinachoandikwa ppm, inaua uwezo wa kunusa. Harufu inapotea, mtu anaona hewa imesafika, kumbe imezidi. Ikikaribia 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha kumwangusha. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini, pale pale mtu anapoinama na koleo.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau ni kwamba kinyesi kilichotulia kimefungia gesi ndani yake kama soda kwenye chupa. Shimo linaweza kukaa wazi usiku kucha, likaonekana salama, na fundi akashuka hadi chini akiwa mzima. Akichoma koleo la kwanza au kukanyaga tope, gesi inafumuka kwa mara moja. Kwa wale wanaoitwa vyura, wanaoshuka kuondoa kinyesi kwa ndoo, na kwa wanaotapisha choo kwa kuchimba shimo la pembeni na kutoboa ukuta, hatari kubwa iko kwenye sekunde za kwanza za kuvuruga. Shimo hilo hilo linatoa pia methani, ambayo hushika moto ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kwa hiyo hakuna sigara, wala kiberiti cha kumulika ndani.

Mashine ya petroli ndani ya kisima

Kwenye visima muuaji mara nyingi tumemteremsha sisi wenyewe. Pampu iliyo juu haivuti maji kwa nguvu zake tu. Inapunguza mgandamizo ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Hata pampu isiyo na kasoro haiwezi kupita mita 10 na kidogo, na zile za petroli za inchi 2 au 3 kwa kawaida huishia mita 7 hivi. Mahali palipoinuka kama Arusha au Njombe zinafika pungufu zaidi, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Sasa maji yako mita 12 chini. Fundi anapigilia mbao kwenye ukuta wa kisima, anateremsha mashine kwa kamba, anaiwasha na kupanda juu haraka.

Moshi wa injini hiyo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kiwango cha 1,200 ppm tayari kinahesabiwa kuwa cha hatari ya papo hapo, na moshi wa injini ndogo ya petroli unaweza kubeba makumi ya maelfu. Ndani ya kisima hauna pa kwenda. Baada ya muda injini inazima yenyewe, ama petroli imekwisha ama oksijeni ya kisimani imeisha. Juu wanasikia ukimya. Mmoja anachukua kidumu cha petroli na kushuka kuiwasha upya, na huyo ndiye tunayemkuta.

Kusubiri nusu saa baada ya kuzima hakusaidii. Hakuna upepo unaofika chini, na gesi hii haipandi juu wala kuzama kwa haraka, inakaa. Mashine ya mafuta isiingie kisimani hata kwa dakika tano. Kama maji yako chini ya mita 7, tumia pampu ya umeme ya kuzama, au kodi jenereta ya kuiendesha na uiweke mita kadhaa kutoka mdomo wa kisima, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Pampu ya kuzama nayo ina masharti yake: mtu asiwe ndani ya maji wakati imechomekwa, maungio ya waya yaliyofungwa kwa utepe wa gundi tu yasifike majini, na saketi iwe na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme unapovuja.

Kuna sehemu nyingine ambayo haina kinyesi wala mashine, na bado inaua: tangi la maji la chini ya ardhi, jipya kabisa. Zege limemwagwa, mbao za fomu, zile zilizoshikilia zege likikauka, zimeachwa ndani, mfuniko umewekwa, mvua ikaingiza maji kidogo. Baada ya wiki tatu fundi anarudi kung'oa mbao. Mbao zinazooza zimekula oksijeni yote. Chuma kinachopata kutu ndani ya tangi lililofungwa hufanya vivyo hivyo. Weka kwenye orodha hiyo ghala la nafaka lililowekwa vidonge vya kufukiza, tangi la molasi, na tangi la lori la mafuta ambalo utingo anaagizwa kuingia kulisugua.

Vipimo vya kubahatisha

Mshumaa hautoshi. Unazimika oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 16, maana yake unakuambia umechelewa, na kuhusu kaboni monoksidi au haidrojeni salfaidi haukuambii chochote. Penye methani unalipua. Kuteremsha kuku nako hakuonyeshi kitakachotokea tope likivurugwa. Barakoa, iwe ya kitambaa au ile yenye vichujio viwili mashavuni, inachuja kilichomo hewani lakini haitengenezi oksijeni isiyokuwepo.

Kinachofaa ni kipima gesi cha gesi nne: oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksidi na haidrojeni salfaidi. Kifunge kwenye kamba, kiteremshe polepole, ukisimamishe juu, katikati na chini, dakika mbili kila mahali, kwa sababu vihisio havisomi papo kwa papo. Namba za kukumbuka: oksijeni isiwe chini ya 19.5 wala juu ya 23.5, gesi za kuwaka zisizidi asilimia 10 ya kiwango chao cha kuanza kuwaka, kaboni monoksidi isizidi 35 ppm, haidrojeni salfaidi isizidi 10 ppm. Kipima kiendelee kubaki kifuani mwa anayeshuka mpaka atoke. Usipokuwa nacho na huwezi kukodi, kazi hiyo ifanyike kutokea juu. Kwa vyoo hilo linawezekana kabisa: kuna gari la kunyonya majitaka, na pale ambapo gari halipiti, kuna pampu ya mkono iitwayo Gulper ambayo vikundi vya usafi Dar es Salaam wamekuwa wakiitumia, mtu akiwa amesimama juu ya ardhi.

Kuingiza hewa kunahitaji hesabu ndogo. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 10 kina hewa ya mita za ujazo 11.3 hivi. Tunashauri hewa yote ibadilishwe mara 20 kabla ya mtu kuingia, yaani mita za ujazo 226. Feni ya kusukuma hewa yenye uwezo wa mita za ujazo 500 kwa saa itamaliza hilo kwa dakika 27, na iendelee kufanya kazi muda wote mtu akiwa ndani. Bomba lake lifike hadi karibu mita moja kutoka chini. Feni iliyowekwa mdomoni tu inazungusha hewa ya juu. Kompresa ya fundi pancha inayotoa lita 200 kwa dakika ingehitaji karibu saa nzima kubadilisha hewa mara moja tu. Mtungi wa oksijeni wa kuchomelea usifunguliwe humo kamwe, kwani oksijeni ikizidi, hata nguo yenye mafuta inawaka kama petroli.

Kisha kamba. Watu wengi hufunga kamba kiunoni au kwapani. Mtu aliyezimia mikono yake inapanda na kamba inachomoka, au ya kiunoni inamkunja na kumnyima pumzi. Unahitaji mkanda wa usalama wa mwili mzima, wenye pete ya kuvutia nyuma ya mabega, na juu kiwepo kiunzi cha chuma cha miguu mitatu chenye winchi au kapi. Kabla mtu hajashuka, fungeni mfuko wa saruji wa kilo 50 pamoja na ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga, jumla kama kilo 80, uteremsheni hadi chini na kuuvuta. Mkishindwa kuutoa ndani ya dakika mbili, basi mtu naye hamtamtoa.

Awepo pia mlinzi wa mdomo wa shimo, na asitumwe kwenda kununua maji wala kupokea simu. Anaongea na aliye chini kila dakika moja au mbili. Asipojibiwa mara ya pili, anavuta kamba bila kujadiliana. Usione haya kumtoa mtu ambaye alikuwa tu hajasikia.

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inaweka jukumu la usalama kwa mwajiri. Ajali ya mfanyakazi inatakiwa kutolewa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na isipite miezi 12. Kwa wanaokwenda Oman, Qatar au Saudia kwenye kazi za mabomba ya majitaka au visima vya mafuta: omba kuona kibali cha maandishi cha kuingia, chenye vipimo vya gesi na saa vilipochukuliwa. Kibali cha asubuhi si cha baada ya chakula. Na king'ora cha kifuani kikilia kazini, tazama upepo unakoelekea, toka kwa kuukata ubavuni, halafu panda kule unakotokea.

Mtu akianguka

Mlinzi apige kelele na mtu mwingine apige 114, zimamoto wa Tanzania (Kenya, 999 au 112), aseme wazi kwamba mtu kaanguka shimoni na kuna gesi, ili waje na mitungi ya kupumulia. Mashine yoyote ya mafuta iliyo karibu izimwe, isipokuwa ile inayoendesha feni ya hewa na iliyo mbali. Vuta kamba. Kama aliyeshuka hakufungwa kamba, ongeza hewa chini kwa feni na uzuie watu, hata kwa nguvu. Mkabidhi mtu mmoja mwenye sauti kazi hiyo tu.

Akitoka, mpeleke mita kadhaa kutoka mdomo wa shimo na umvue nguo zilizolowa tope, kwa sababu zinaendelea kutoa gesi. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya 30 mpe pumzi mbili, ukigeuza uso pembeni anapotoa hewa yake.

Aliyezinduka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali vilevile. Aliyevuta haidrojeni salfaidi anaweza kujaa maji mapafuni saa nyingi baadaye, usiku akiwa amelala nyumbani. Na kama kulikuwa na mashine ya petroli, mwambie daktari tangu mapokezi, maana kile kipimo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi kwenye damu: kinaweza kuonyesha 98 kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni ya mtungi dakika hiyo hiyo.